Kuchagua na kufunga pampu ya pistoni ya presha kubwa: anza na upande wa kuvuta

Ukimwuliza mtu anataka pampu gani, jibu la kwanza huwa presha: "Nataka ya 200 bar." Ni mara chache atakueleza maji yataifikiaje hiyo pampu. Nimefungua pampu nyingi zilizokufa kabla ya wakati wake, na katika nyingi ugonjwa ulianzia upande wa kuvuta, si upande wa kutoa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi upande huo, hata kama hauonekani kuwa na mambo makubwa.

Ninazungumzia pampu za maji zenye plunja tatu: za kuoshea mitambo, kusukuma maji kwenye mashine za kuchuja chumvi, kupima uimara wa mabomba, au kunyunyizia ukungu wa kupoza. Wengi huziita zote pampu za pistoni na hakuna ubaya, ila kuna tofauti ya kujua unapoagiza vipuri. Kwenye pistoni halisi, sili (kizuizi laini kinachozuia maji yasivuje) hutembea pamoja na pistoni ndani ya silinda. Kwenye plunja, sili imekaa tuli na fimbo laini, mara nyingi ya kauri, hupita katikati yake. Kwa presha kubwa, utakayokutana nayo mara nyingi ni ya plunja.

Hatua ya 1: Jua kazi inahitaji maji kiasi gani

Pampu hii haitengenezi presha. Inasukuma kiasi kilekile cha maji kila mzunguko, iwe njia iko wazi au imebanwa. Presha huletwa na kizuizi kilicho mbele: nozo, chujio, au vali. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini kuziba njia ya kutoa wakati pampu inazunguka ni hatari: itaendelea kusukuma mpaka kitu kipasuke au mota izimike.

Basi anza na nozo au kifaa kitakachotumia maji. Tumia jedwali lake kujua kinapitisha lita ngapi kwa dakika kwenye presha unayotaka. Ongeza asilimia 10 hadi 20, maana nozo hulika na tundu lake hupanuka. Usiongeze zaidi ya hapo. Maji yanayozidi hurudi kwenye tangi yakiwa yamebeba joto, na umeme uliotumika kuyasukuma umepotea bure.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mota

Zidisha bar kwa lita za kwa dakika, gawanya kwa 600, upate kilowati zinazoingia kwenye maji. Gawanya tena kwa 0.85 kufidia msuguano wa pampu na mikanda.

Tuchukue mfano wa 200 bar na lita 30 kwa dakika. 200 × 30 ÷ 600 = kilowati 10. Ukigawanya kwa 0.85 unapata karibu 11.8. Mota ya kilowati 11 haitoshi. Chukua ya 15. Usidanganywe na mtu anayesema ya 11 "itabeba tu". Itabeba, ila itakuwa inachemka kila siku mpaka waya zake ziungue.

Hapa pana jambo linalowaponza hata mafundi wazuri wa umeme. Pampu ya feni, ile ya kurusha maji kwa pangaboi, hulegea mzigo unapopunguza mwendo. Ya pistoni hailegei. Nguvu ya kuzungusha shafti inafuata presha, si mwendo. Ukiiendesha kwa inveta, yaani kifaa cha umeme cha kubadilisha mwendo wa mota, chagua inveta iliyotengenezwa kwa mzigo usiobadilika, si ile ya feni na pampu za kawaida. Na ukitumia stata ya sta-delta, inayowasha mota kwa muunganisho wa sta kwanza kisha kuhamia delta, kumbuka kwamba kwenye sta mota hutoa theluthi moja tu ya nguvu yake ya kuzungusha. Lazima pampu iwake bila presha, la sivyo itagoma.

Hatua ya 3: Chagua pampu kubwa inayozunguka polepole

Kati ya pampu mbili zinazotoa lita 30, moja ndogo kwa mizunguko 1,450 na nyingine kubwa zaidi kwa mizunguko isiyofika 1,000, mimi nachukua ya pili kwa kazi ya mfululizo. Plunja inasugua sili mara chache zaidi, vali zinapiga mara chache, na maji yanapata muda wa kujaza chumba kabla ya plunja kurudi.

Mfano: pampu iliyoandikwa lita 45 kwa mizunguko 1,450. Weka puli ya milimita 140 kwenye mota na ya milimita 210 kwenye pampu. Pampu itazunguka takriban mara 967 kwa dakika na kutoa lita 30. Ila usiishushe chini ya mwendo ambao mtengenezaji ameuruhusu, kwa sababu pampu nyingi hulainishwa na oili inayorushwa na krenkishafti yenyewe. Ikizunguka polepole mno, oili haifiki juu.

Kuhusu kichwa cha pampu: shaba nyeupe au njano hutosha kwa maji safi ya kawaida. Maji yenye chumvi au kemikali yanataka chuma cha pua kinachofaa, na kwa maji ya bahari usikubali chuma cha pua cha daraja la kawaida. Sili nazo zina tabia zake. Mpira wa aina ya EPDM huvumilia maji moto lakini huharibiwa na mafuta ya petroli, wakati ule wa NBR huvumilia mafuta lakini si joto kali. Taja kimiminika, joto lake na kemikali zilizomo unapoagiza, badala ya kusema "ya maji" ukanyamaza.

Hatua ya 4: Tengeneza njia ya kuvuta

Tulia hapa.

Plunja inaporudi nyuma, maji hayavutwi kwa mtiririko mtulivu. Yanaanza, yanakimbia, yanasimama, yanaanza tena, mara nyingi kwa kila sekunde. Bomba likiwa jembamba au refu, maji yanachelewa kuifuata plunja, presha inashuka ndani ya chumba, na maji yanachemka bila moto. Mapovu ya mvuke yanatokea, kisha yanapasuka kwa kishindo plunja ikigeuka. Hiyo ndiyo kavitesheni. Sauti yake ni kama changarawe inayotikiswa ndani ya kopo.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kilichobadilisha sili mara tatu ndani ya miezi michache. Kila mtu alilaumu sili, kwamba ni bandia. Nilifungua kichwa, nikatoa vali ya kuingizia na kuishika mwangani. Uso wake ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama ubao ulioliwa na wadudu. Sili mbovu haiwezi kufanya hivyo. Nikafuata bomba la kuvuta: milimita 25, kona nne, tangi likiwa chini ya pampu. Tuliinua tangi, tukaweka bomba la milimita 40 lililonyooka. Changarawe ilinyamaza siku hiyohiyo, na sili zilizofuata zikadumu.

Hesabu yake ni rahisi. Mwendo wa maji kwenye bomba la kuvuta usizidi mita 0.5 kwa sekunde, au 0.6 ikibidi. Lita 30 kwa dakika kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hukimbia mita 1 kwa sekunde, ambayo ni kasi mno. Kwenye milimita 32 ni 0.62, na kwenye 40 ni 0.4. Chukua 40, hata kama mdomo wa pampu ni mdogo kuliko hapo.

Mengine ya upande huu:

Tangi liwe juu ya pampu, karibu nayo, na liwe na ujazo wa angalau mara 6 hadi 10 ya lita za dakika moja. Maji ya baipasi, yaani yale yanayozidi na kurudishwa, yarudi mbali na tundu la kuvuta, na mdomo wa bomba hilo uwe ndani ya maji, usimwage kutoka juu na kuchanganya hewa. Weka ukuta wa kati ndani ya tangi ukiweza.

Usirudishe baipasi moja kwa moja kwenye mdomo wa kuvuta kwa pampu inayofanya kazi mfululizo. Kilowati 10 zikiingia kwenye lita 10 za maji zinazozunguka mahali pamoja, joto hupanda karibu nyuzi 14 kila dakika. Dakika nne tu na sili zimeungua.

Chujio liwe kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu chujio likianza kuziba linakuwa sawa na bomba jembamba. Funga geji ya kupima mvuto kati ya chujio na pampu, na swichi ya kuzima mota presha ya kuingilia ikishuka. Mpira wa kuvuta uwe wenye waya ndani ili usijikunje.

Kama tangi haliwezi kuinuliwa, weka pampu ndogo ya feni iisukumie ya pistoni, na itoe maji kuzidi yanayohitajika.

Hatua ya 5: Msingi, puli na mikanda

Fremu iwe ngumu na pampu ikae sawasawa kwa pima maji, maana kipimo cha oili kinategemea hilo. Weka mipira ya kuzuia mtetemo chini ya fremu, kisha unganisha kuvuta na kutoa kwa mipira inayonyumbulika, ili bomba la chuma lisipokee mtikisiko na kupasuka kwenye uzi.

Puli usiipige kwa nyundo kwenye shafti. Unaharibu beringi kabla ya kuanza kazi. Panga puli mbili kwa uzi ulionyooshwa uguse kingo zote nne. Mkazo wa mkanda: ubonyeze katikati, ubonyee kama milimita 1.6 kwa kila milimita 100 za umbali kati ya puli. Mkanda mmoja ukichakaa, badilisha yote kwa pamoja. Kisha funga kinga ya mikanda kabla ya kuwasha, hata kama ni kujaribu tu.

Hatua ya 6: Njia ya kutoa

Mabomba, viungo na mipira vyote viwe na daraja la presha lililoandikwa. Viungo vya maji ya nyumbani havina nafasi hapa.

Vali mbili zisichanganywe. Vali ya kuachia mzigo hufanya kazi kila siku: bunduki ya maji ikifungwa, inapeleka maji kwenye baipasi na kushusha presha ya kichwa. Vali ya usalama hukaa kimya miaka mingi ikingoja siku ile ya kuachia mzigo itakaposhindwa. Irekebishe ifunguke kama asilimia 10 juu ya presha ya kazi, bila kuvuka kikomo cha kifaa chochote kilichopo. Usiweke vali ya kufunga kati yake na pampu. Kamwe.

Geji iwe yenye gliserini, na kipimo chake kifike mara moja na nusu hadi mara mbili ya presha ya kazi. Ukiweka chupa ya kutuliza mapigo, ijazwe nitrojeni kavu, kwa kawaida asilimia 50 hadi 70 ya presha ya kazi. Oksijeni isitumike hapo kabisa, kwa kuwa ikikutana na mafuta hulipuka.

Kabla ya kuunganisha chochote, suuza mabomba. Na utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi, acha uzi wa kwanza ukiwa wazi. Kipande kidogo cha utepe kikikatika huenda moja kwa moja kukaa chini ya vali, na utatafuta siku nzima kwa nini silinda moja haisukumi.

Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Jaza oili iliyotajwa na mtengenezaji. Fungua vali zote za kuvuta, ondoa nozo, legeza kabisa kirekebishi cha presha. Zungusha shafti kwa mkono mizunguko kadhaa. Washa sekunde moja, uangalie mshale wa mzunguko, kisha washa tena mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa. Hapo ndipo unarudisha nozo mahali pake na kupandisha presha kwa awamu: robo, nusu, robo tatu, kamili, ukikaa dakika kadhaa kila awamu huku ukisikiliza na kutazama geji. Sindano ikicheza sana, kuna hewa inavutwa au vali moja haifungi.

Ukitafuta uvujaji, usipitishe mkono. Tumia kipande cha boksi. Maji ya presha hii hutoboa ngozi na kuingia ndani kabisa, na jeraha huonekana kama tundu la sindano. Mtu akipatwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aelezwe ni maji ya presha kubwa, hata kama hasikii maumivu. Ukitaka kukaza kiungo, zima, funga swichi kwa kufuli, achia presha mpaka geji isome sifuri, ndipo ushike spana.

Hatua ya 8: Saa 50 za kwanza

Kaza mikanda upya baada ya siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu mipya hunyooka. Badilisha oili baada ya saa 50, kisha kila saa 500 kama mtengenezaji hakusema vingine. Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Angalia sili za upande wa plunja kwanza. Andika usomaji wa geji ya mvuto siku pampu ikiwa mpya na ubandike karibu nayo, ili anayekuja zamu ya usiku akiona sindano imeshuka ajue ni chujio, aoshe, badala ya kusubiri changarawe ianze kulia.