Kumfundisha mbwa mdogo kujisaidia nje ukiwa unakaa ghorofani

Jamani, mnaofuga Maltese na Japanese Spitz kwenye apatimenti, msimpige mbwa kisa kakojoa sebuleni. Wala usimsugue pua kwenye mkojo, hapo unamfundisha kukuogopa tu na kesho ataenda kukojoa nyuma ya kochi usimuone.

Mtoto wa miezi 2 kibofu chake ni kidogo sana, kwa hiyo mchana mtoe kila baada ya masaa 2 hivi, na lazima akishaamka, akishakula na akishamaliza kucheza. Mwangalie, ataanza kunusa sakafu huku anazunguka zunguka, mbebe hapo hapo usisubiri hata umalize kujibu meseji, mpeleke sehemu ile ile kila siku, nyamaza mpaka amalize, akimaliza tu msifie kwa furaha umpe kipande cha kuku wa kuchemsha kisicho na mfupa, kidogo tu kama punje ya hindi. Ukichelewa mpaka mmerudi ndani ndo umpe hataelewa anapewa kwa lipi.

Akikosea ndani futa, halafu pitishia siki iliyochanganywa na maji, maana harufu ikibaki atarudia pale pale.

Kama chanjo za parvo na distempa (magonjwa hatari ya virusi yanayoambukizana kati ya mbwa) hazijakamilika usimshushe wanapopita mbwa wengine, mtandikie magazeti kwenye balkoni kwanza. Ya kichaa cha mbwa anachomwa akifika miezi 3, hiyo usiiruke kabisa.

Na kumlisha chokoleti, vitunguu, zabibu, hapana!