Kutoka Entebbe hadi mita 2,300: jinsi ya kupanga wiki ya skii kwenye Alps

Mkazi wa Lyon au Geneva, miji iliyo karibu na milima ya Alps ya Ulaya, akisikia theluji ni haba, anaahirisha safari ya skii (kuteleza kwenye theluji) hadi wiki ijayo. Wewe unayetoka Kampala huna wiki ijayo. Viza ina tarehe zake, likizo imeshasainiwa kazini, tiketi ya ndege imelipwa. Kwa hiyo kabla hujatazama picha za hoteli, uliza kwanza: kijiji cha skii unachokwenda kiko mita ngapi kutoka usawa wa bahari?

Hesabu yenyewe si ngumu. Joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mvua ikinyesha Moûtiers, mji wa bondeni ulio karibu mita 480, joto likiwa nyuzi 5, basi Val Thorens kwenye mita 2,300 ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri na kinachoanguka huko ni theluji kavu. Vituo vya skii vya mita 1,000 hivi vinaweza kulowa mvua katikati ya Januari, na hakuna atakayekurudishia nauli.

Ukisoma tangazo la kituo, tafuta namba tatu, zote za kimo kutoka usawa wa bahari: urefu wa kijiji unacholala, urefu wa lifti ya juu kabisa (viti au vibanda vya kamba vinavyokupandisha mlimani), na urefu wa uwanja wa wanaoanza. Matangazo hupenda kukuonyesha ile ya pili tu. Val Thorens, Ufaransa, ndicho kituo kilicho juu kuliko vyote Ulaya, na wanaoanza hujifunza pale pale kijijini. Tignes iko mita 2,100, na lifti zake zinafika mita 3,456 kwenye barafu ya Grande Motte. Cervinia ya Italia iko mita 2,050. Obergurgl ya Austria iko mita 1,930, tulivu na nzuri kwa familia. Zermatt ya Uswisi inakufikisha mita 3,883, lakini kijiji chenyewe kiko mita 1,620 tu na bei zake si za mtu anayejifunza kusimama. Kwa safari ya kwanza, chaguo letu ni Val Thorens au Obergurgl.

Urefu nao una gharama yake. Kwenye Alps miti huishia karibu mita 2,000 hadi 2,200. Ukungu ukishuka juu ya hapo, theluji na mbingu huwa rangi moja na hujui kama unapanda au unashuka. Miti ndiyo ingekupa alama ya kufuata. Upepo mkali pia hufunga lifti za juu. Weka akilini kwamba siku moja kati ya sita inaweza kupotea hivyo.

Tarehe na viza

Vituo vya juu hufungua mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, Val Thorens hadi mapema Mei. Epuka Krismasi, Mwaka Mpya, na wiki za likizo za shule za Ufaransa Februari na mwanzoni mwa Machi: bei hupaa na foleni za lifti zinakula saa za masomo. Wiki ya pili au ya tatu ya Januari ina nafasi lakini baridi yake ni kali. Katikati ya Machi jua ni refu na theluji ya juu bado ipo, na kwa mtu aliyezoea hali ya hewa ya Kampala hiyo ndiyo wiki ya kuchagua. Karibu kila kitu hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi.

Viza ya Schengen, viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua kwingine. Ukitua Geneva na kulala wiki nzima Ufaransa, omba Ufaransa. Uswisi nayo imo Schengen ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Baadhi ya nchi hushughulikia maombi ya Waganda kupitia Nairobi, kwa hiyo ulizia mapema ni wapi utatoa alama za vidole. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Jibu la kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukinyimwa hairudishwi. Kwa safari ya Machi, tafuta miadi Oktoba, maana kuelekea Desemba nafasi hukauka.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Andaa barua ya likizo kutoka kwa mwajiri au, kama una biashara, cheti cha URSB (ofisi ya usajili wa biashara Uganda) na karatasi za kodi. Taarifa za benki ziwe za miezi kadhaa na zionyeshe pesa zinazoingia na kutoka kwa mwendo wa kawaida. Milioni kumi zilizowekwa siku nne kabla ya miadi humfanya afisa aulize zimetoka wapi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya yule anayebaki. Na usilipie chumba kisichorudishwa pesa kabla viza haijatoka. Chukua kinachofutika bure, kisha ukibadilishe.

Bima ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Viza inadai bima ya angalau euro 30,000, na bima ya bei rahisi inatosha kwa afisa, ila ukisoma maandishi madogo utaona michezo ya majira ya baridi haimo. Kwenye Alps, kushushwa mlimani na waokoaji hulipiwa, na helikopta ni maelfu ya euro. Tafuta bima inayotaja skii kwa jina, uokoaji mlimani, na madhara utakayomletea mtu mwingine. Hiyo ya mwisho ni lazima kisheria Italia tangu Januari 2022. Ufaransa unaweza kuongeza bima ya uokoaji kwa euro chache kwa siku unaponunua pasi ya lifti.

Nguo: anzia Owino

Jaketi jipya la skii ni ghali na utalivaa siku sita. Kwenye mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, majaketi hayo yapo, na wauzaji wengi huyauza kama makoti ya bodaboda. Utalitambua hivi: ndani ya kiuno kuna mkanda mpana wa kitambaa wenye lastiki, wa kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka, na kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja, kuna kimfuko cha zipu cha pasi ya lifti. Vikiwepo vyote viwili, ligeuze ndani nje. Kama utando wa ndani unabanduka vipande kama ngozi ya nyoka, lirudishe. Halitazuia maji tena. Kama utando ni mzima ila tone la maji linanywewa kwa nje, nunua tu, maana dawa ya kupulizia inarekebisha hilo. Suruali ichague vivyo hivyo, na ukague zipu mara tatu.

Karibu na ngozi usivae pamba. Fulana ya pamba hunywa jasho, na ukikaa kwenye lifti dakika kumi jasho hilo linageuka barafu mgongoni. Jezi ya mpira ya poliesta yenye mikono mirefu inafanya kazi nzuri sana, juu yake sweta la manyoya laini, kisha jaketi. Jinzi iache nyumbani. Nunua vipya vitu vitatu: glavu zisizopitisha maji, jozi mbili za soksi ndefu za skii, na miwani mikubwa ya theluji. Theluji hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza ngozi, na miale hiyo huongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ngozi nyeusi nayo huungua huko, hasa midomo, pua na chini ya kidevu, mahali ambapo jua linakuja kutoka chini. Paka losheni ya SPF 50 asubuhi na tena saa sita mchana.

Afya

Kampala iko karibu mita 1,200, kwa hiyo kulala mita 2,300 hakukushtui kama kunavyomshtua mtu wa pwani. Hata hivyo, hewa ya Val Thorens ina karibu robo tatu tu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza kunywa maji mengi, acha pombe, na usikimbilie kilele cha mita 3,200 kupiga picha. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika; kikizidi pamoja na kutapika au kuyumba, shuka bondeni siku hiyo hiyo.

Vipeperushi vya Ulaya havigusi siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Uchunguzi wa watoto wachanga nchini Uganda wa 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 wamebeba chembe ya ugonjwa huo, na wengi hawajijui. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande bila ruhusa ya daktari wake, kwa sababu uhaba wa oksijeni na baridi vyote viwili huamsha maumivu. Mbebaji kwa kawaida hapati shida, lakini maumivu makali upande wa kushoto juu ya tumbo, ukiwa mlimani, yanaweza kuwa ya wengu: shuka, nenda hospitali, na useme umebeba chembe hiyo. Pima kabla ya kukata tiketi.

La pili ni malaria. Urefu hauleti homa ya nyuzi 39. Ukipata homa kituoni au wiki chache baadaye, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka Uganda na udai kipimo, la sivyo atakutibu mafua.

Kukodi skii, na buti hasa

Skii, fimbo, buti na kofia ngumu vikodi huko huko, kwa kuagiza mtandaoni mapema. Italia imelazimisha kofia kwa watu wote tangu Novemba 2025, na kwingine usiteleze bila hiyo. Anayeanza apewe skii zinazofika kati ya kidevu na pua.

Buti ndizo zinazoharibu wiki. Vaa soksi moja tu kwa kila mguu, bila mkunjo, na usiingize suruali ya ndani kwenye buti. Ingiza mguu, piga kisigino chini mara mbili tatu, ndipo ufunge vifungo. Ukisimama wima, vidole viguse kidogo mwisho wa buti. Ukikunja magoti na kusukuma muundi mbele, virudi nyuma. Kisigino kikiinuka, buti ni kubwa. Wengi huomba kubwa kwa kuwa inakaa kama kiatu cha kawaida. Baada ya saa mbili wanakaza vifungo hadi mwisho ili mguu usicheze, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Soksi mbili kwenye mguu mmoja huleta balaa hiyo hiyo.

Fundi atakuuliza uzito, kimo, umri na uwezo wako ili aweke namba ya kibano kinachoshika buti. Sema uzito wa kweli na ukiri kwamba unaanza. Namba ikizidi, skii haiachii unapoanguka na goti ndilo linalokatika. Ikipungua, skii inachomoka katikati ya kona.

Siku sita

Lipia masomo ya kikundi ya siku 5 au 6, nusu siku kila moja, na utaje unataka mwalimu wa Kiingereza. Walimu wa ESF, shule ya skii ya Ufaransa, wale wa makoti mekundu, wapo karibu kila kituo cha Ufaransa. Ukiwa Val Thorens, usinunue pasi ya eneo zima la 3 Vallées, ambamo kituo hicho kimo, lenye kilomita 600 za njia: ni takriban euro 400 kwa siku sita. Siku mbili za mwanzo hutatoka uwanja wa wanaoanza, na vituo vingi vya Ufaransa vina lifti fupi za bure hapo. Ukitoka, fuata rangi: Ufaransa kijani ni rahisi kabisa, kisha bluu, nyekundu, nyeusi. Austria na Uswisi hawana kijani. Bluu ndiyo ya kwanza.

Aliye mbele yako chini ya mlima ana haki ya njia, hata akikata kona ghafla. Ukisimama, simama pembeni. Mtu akiumia, chomeka skii mbili kwa umbo la X juu yake mlimani ili wanaoshuka waone, kisha piga 112. Miguu iliyochoka haigeuzi skii, kwa hiyo saa tisa alasiri mwite mwenzio mkanywe chai.

Usikodi gari. Wenzetu huendesha kulia, na kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi maeneo mengi ya milima ya Ufaransa yanadai matairi ya theluji au minyororo. Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Val Thorens, mwendo wa saa tatu hivi njia ikiwa shwari. Kuhusu chakula cha kubeba, nyama na maziwa, samli ikiwemo, haziruhusiwi kuingia Ulaya. Kati ya matunda mabichi, ndizi na nanasi hupita bila cheti. Majani ya migomba ya kufungia luwombo hayapiti.

Rudisha skii Ijumaa jioni. Jumamosi barabara ya kushuka Moûtiers hujaa, kwa hiyo chukua basi la alfajiri na ndege ya jioni. Kadi ya homa ya manjano iweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, kwani Entebbe wataiomba kabla hujafika kwenye mizigo.