Jinsi ya kutambua mbwa wa kupiganishwa na pa kuripoti ukiwa Marekani

Nafanya kazi shelta ya wanyama huku Marekani, upande wa matibabu, na Waswahili wenzangu wananiulizaga sana, mbwa wa jirani ana makovu, ndo wale wa kupiganishwa? Jueni kwanza kupiganisha mbwa ni kosa kubwa la jinai majimbo yote 50 tangu 2008, hata anayeenda kutazama tu anashtakiwa.

Hatua 1: angalia vidonda viko wapi. Hapa tulia. Mbwa waliogombana mara moja utakuta wameumana sehemu moja mbili, wakiachanishwa basi. Huyu wa kupiganishwa makovu yamejazana usoni, kooni, kifuani na miguu ya mbele, sababu wanapambana uso kwa uso, alafu yamepishana umri: moja la zamani halioti tena manyoya, pembeni yake tundu la jino bado bichi linatoa majimaji. Masikio yamekatwa karibu na kichwa na kingo zimepinda, hiyo kazi ya mkasi wa nyumbani. Wengine wamegundishwa ngozi kwa supaglu maana daktari angeuliza maswali.

Hatua 2: angalia uwanja, ukiwa barabarani au kwako. Mbwa wengi, kila mmoja na mnyororo mzito, wamefungwa kwa kupimiwa wasifikiane. Tredmili (mashine ya kukimbilia) gereji, ngozi inayoning'inia mtini ya kung'ata, kijiti bapa cha kubanulia taya, mabomba ya sindano, mbao za plaiwudi zimezungushwa kama boksi na kapeti lina damu. Kimoja peke yake hakitoshi, na tafadhali usimripoti mtu eti sababu anafuga pitbull, wengi wanawapenda mbwa wao kama watoto. Ila ukiona vitatu vinne pamoja na magari yanajaa usiku, usisubiri.

Hatua 3: andika tarehe, saa, anwani, namba za magari, ulichosikia. Usiruke fensi, usimuulize mwenyewe, usiposti Facebook, wakishtuka wanahamisha mbwa usiku uleule au wanawaua.

Hatua 4: piga simu. Pambano likiwa linaendelea ni 911, Kiingereza kikikusumbua sema tu "Swahili" wakutafutie mkalimani. Kama si sasa hivi piga animal control (idara inayoshughulikia wanyama) ya kaunti au polisi namba isiyo ya dharura, na waambie kama hutaki jina lako litajwe. Wizara ya kilimo ya Marekani (USDA) nayo, kupitia ofisi ya mkaguzi mkuu, inapokea taarifa hizi.

Kuna wanaonyamaza wakiamini mbwa watauawa wote tu. Kesi ya Michael Vick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyekamatwa kwa kupiganisha mbwa kule Virginia 2007, wengi wa mbwa wale waliokolewa, 22 walipelekwa Best Friends, shirika la kuokoa wanyama huko Utah, na baadhi wakaishia kwenye familia za watu, kwa iyo piga.

Kabla hujakata omba namba ya ripoti, magari yakijaa tena unapiga na kuitaja hiyohiyo.