Uji wa ulezi kila asubuhi: ninavyoandaa kuanzia kwenye unga mpaka kikombeni

Habari zenu wapendwa. Mimi napika uji na kuuza asubuhi hapa Morogoro, na nyumbani kwangu ndo kifungua kinywa cha familia nzima, wakubwa kwa wadogo. Wateja wengi huniambia nyumbani walijaribu, wakapika wiki moja alafu wakarudi kwenye chai na maandazi, na ukiuliza kwanini jibu ni lilelile, asubuhi hamna muda. Sasa ukweli ni kwamba uji wa kila siku unaandaliwa usiku, asubuhi unabaki kuivisha tu, ukilielewa hilo hautauacha. Nitaeleza ninavyofanya mimi, fuata taratibu.

HATUA YA 1: Ulezi wenyewe

Nunua ulezi wa nafaka, usikimbilie unga wa kwenye pakiti ambao hujui umechanganywa nini. Ulezi mzuri una punje zenye rangi moja, hauna harufu ya ukungu ukiusogeza puani, na ukiutia mkononi hauachi vumbi jingi. Wa Rukwa huwa naupenda sana.

Shida kubwa ya ulezi ni mchanga, mana unapurwa chini na punje ni ndogo mno. Kupepeta kwenye ungo kunatoa makapi ila mchanga hautoki, lazima uoshe. Weka ulezi kwenye beseni, jaza maji, zungusha kwa mkono kisha mimina maji pamoja na ulezi unaoelea kwenye beseni la pili, taratibu, huku ukiacha kile kinachobaki chini kabisa. Ongeza maji, zungusha tena, mimina tena. Utaona kwenye beseni la kwanza panabaki mchanga mweusi na vijiwe vidogo vya saizi ya punje yenyewe. Rudia mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usisikie chochote kinachokwaruza. Hapa usichoke, uji wenye mchanga mtoto akiutafuna siku moja hataugusa tena.

Anika juu ya turubai safi au kitambaa, juani, mpaka ukiumwaga usikie unalia ule mlio mkavu. Ukipeleka mashine una unyevu, unga utaota ukungu ndani ya ndoo.

HATUA YA 2: Kuchanganya na kusaga

Hapa ndo watu wanapokosea sana. Kuna mtindo wa kuweka kila kitu kwenye unga wa lishe, ulezi, mahindi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, maharage, mbegu za maboga, mpaka vinafika vitu kumi. Mimi siungi mkono kabisa. Kila kimoja kinaiva kwa muda wake, na ukipata tumbo hujui kilichokusumbua ni kipi. Wangu ni ulezi kilo 3 na mahindi kilo 1, basi. Ukitaka soya weka nusu kilo lakini lazima uichemshe kwanza uianike au uikaange mpaka iive, soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na ule muda mfupi wa kupika uji hautoshi kuviondoa.

Karanga usisage pamoja na unga. Sababu ya kwanza ni mafuta yake, baada ya wiki chache unga unaanza kunuka na kuwa mchungu. Ya pili ni sumukuvu. Karanga na mahindi ndo mazao yanayoongoza kwa sumukuvu, ni sumu inayotokana na fangasi, haionekani, haina ladha, na kuipika haiiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na Kenya mwaka 2004 kule Ukambani walikufa zaidi ya mia moja. Kwahiyo mahindi na karanga chambua punje kwa punje, iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi itupe, usimpe hata kuku. Ukitaka ladha ya karanga tia kijiko cha siagi ya karanga kwenye sufuria siku hiyohiyo.

Ukifika mashineni mwambie akusagie kwa chekeche laini, na usikubali kuwa wa kwanza baada ya mtu aliyesaga mihogo au dona kavu, mana mabaki yake yatakuja kwako. Unga ukitoka ni wa moto, utandaze upoe kabisa kabla ya kufunika. Saga wa mwezi mmoja tu, usirundike.

HATUA YA 3: Usiku, dakika tano

Hii ndo siri yenyewe. Kwa watu wawili chukua unga nusu kikombe (kikombe cha robo lita), koroga na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la plastiki au la udongo, funika na kitambaa, acha jikoni. Kwa joto la Morogoro, Dar au Tanga, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri utakuta umeanza kuchachuka, una vipovu vidogo juu na harufu ya uchachu mtamu. Njombe, Iringa na Mbeya kwa baridi ile inaweza kuchukua siku mbili, wengine huliweka bakuli karibu na jiko lililozimwa.

Ukishapata wa kwanza, kila asubuhi bakiza vijiko viwili vya ule mchanganyiko mbichi, usiku unaongeza unga na maji humohumo, unachachuka haraka na ladha inakuwa ileile kila siku.

Kwanini kuchachua? Ulezi una madini ya chuma na kalsiamu, lakini nafaka zina kitu kinaitwa fitati ambacho kinayakamata madini yasiingie mwilini vizuri. Kuchachua kunaipunguza. Na wanaosema uji wa ulezi unaongeza damu, niwaambie ukweli, peke yake hauwezi kumtibu mtu aliyepungukiwa damu, huyo aende kituo cha afya apimwe. Ila ukichachua, ukala na chungwa au pera, na chai ukaisogeza mbele lisaa limoja au zaidi (majani ya chai nayo yanazuia madini ya chuma) unakuwa umeusaidia mwili kupata kile kilichomo.

Kuhusu kalsiamu pia wanakuza sana. Gramu 100 za ulezi zina kama miligramu 340 hivi, ni nyingi kuliko maziwa kwa uzito uleule, lakini sehemu yako ya asubuhi ina unga gramu 30 hivi tu, na robo yake ni mahindi, kwahiyo ni kama miligramu 80. Ni nzuri, ila maziwa au dagaa wa kuliwa na mifupa yao bado unavihitaji.

Ukikuta rangi ya pinki, nyeusi au manyoya juu yake, mwaga wote, osha bakuli kwa maji ya moto, anza upya.

HATUA YA 4: Asubuhi

Chemsha vikombe vitatu vya maji. Yakichemka kabisa, koroga ule wa kwenye bakuli mana umetuama chini, mimina kidogokidogo huku mkono mwingine unakoroga kwa mwiko bila kusimama, na mwiko uguse chini ya sufuria. Usimwage unga mkavu kwenye maji ya moto hata siku moja, ndo mabonge yanapotokea, na yakishatokea hata ukiyachapa hayaishi.

Ukianza kuwa mzito punguza moto. Utatokota, utaruka, jihadhari usikuunguze mkono. Sasa hapa watu wanaepua baada ya dakika tano wakiona umeshakuwa mzito, kuwa mzito sio kuiva! Acha dakika 15 mpaka 20 moto mdogo. Umeiva ukiona rangi imekolea na kuwa kama chokoleti, juu unang'aa, na ile harufu ya unga mbichi imepotea kabisa. Tia chumvi kidogo sana, inakoleza utamu na sukari unatumia kidogo.

Wakati unatokota ndo muda wako wa kuoga na kuwavalisha watoto, unarudi kukoroga tu mara mojamoja.

HATUA YA 5: Kuunga

Ukiepua ndo unatia vitu. Uji uliochachuliwa ukichemsha na maziwa yatakatika, kwahiyo acha upoe kidogo alafu tia maziwa, au tia mtindi kabisa ambao hauna tabu. Ukitaka ndimu au ukwaju basi maziwa acha. Sukari kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kinatosha, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu (nishati) yote unayopata kwenye chakula cha siku na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, hiyo asilimia 5 ni kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima siku nzima, sasa kama kwenye uji tu unatia vinne jioni kwenye chai utafanyaje?

Wenye kisukari nawaomba sana msidanganywe kwamba ulezi ni dawa. Ni wanga kama wanga mwingine, na uji laini unapandisha sukari haraka. Kikombe kidogo, bila sukari, pamoja na yai au maharage, na mpime.

Hata asiye na kisukari, uji peke yake ni maji mengi, saa nne utasikia njaa. Kula na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, na yai au maharage ya jana. Siku nyingine chapati, sawa tu.

HATUA YA 6: Kwa mtoto mdogo, kimea

Mtoto aliyeanza kula (miezi sita kwenda juu) tumbo lake ni dogo, uji mwepesi unamjaza maji. Uji wake ukiuchota na kijiko usidondoke kama maji, lakini akikataa uzito huo tumia kimea kilekile cha togwa. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili ukinyunyizia maji, vikitoka vimizizi anika, fikicha vimizizi vitoke, saga. Pika uji mzito, epua, ukipoa kidogo ila bado wa moto tia kijiko kimoja cha kimea ukoroge, ndani ya dakika chache unalegea wenyewe bila kuongeza maji. Rudisha jikoni uchemke tena dakika kama tano ndo umpe. Ukikitia kwenye uji unaochemka hakifanyi kazi, joto linakiua.

Kimea kiwe cha ulezi, cha mtama hapana. Machipukizi ya mtama yana sumu, wafugaji wanajua ng'ombe akila mtama mchanga kinachompata.

Uji ukibaki weka kwenye chupa ya chai iliyooshwa kwa maji ya moto, unywe kabla ya mchana, wenye maziwa usilaze. Na ukisafiri, ule wa kuanzishia (vile vijiko viwili vya mchanganyiko mbichi unavyobakiza) weka frijini kwenye chupa yenye mfuniko, ukirudi mwaga maji ya juu, ongeza unga na maji ya uvuguvugu, uache usiku mbili badala ya mmoja ndo uanze kuupika.