Kumfundisha Mtoto Hesabu kwa Fedha ya Sokoni

Kabla ya kwenda na mtoto katika Soko la Mgandini, hapa Tanga, mkabidhi kiasi maalumu cha fedha, tuseme shilingi 10,000, kisha umwache aandike orodha ya mahitaji pamoja na bei anazokisia. Huenda akaandika mchele kilo moja 3,000, maharage nusu kilo 1,800, nazi mbili 2,000, nyanya 1,000, vitunguu 500 na mafuta ya kupima 1,500. Jumla ni 9,800, na zinabaki 200.

Mkifika sokoni na kukuta kila nazi inauzwa 1,200, jumla inapanda hadi 10,200. Usitoe mia mbili mfukoni mwako. Mtoto mwenyewe ndiye aamue kama atachukua nazi moja, maharage yaungwe kwa tui jepesi, au kama atapunguza mafuta. Na akishaamua, familia ikubali kula kilichonunuliwa bila kumlaumu.

Vitu vya mizani havimsumbui sana mtoto anayejua kuzidisha. Penye kazi ni kwenye mafungu, kwa sababu fungu halina uzito ulioandikwa. Nyanya tano kwa 1,000 ni sawa na 200 kila moja, ilhali nane kwa 1,200 ni 150 kila moja. Lakini mtoto akikimbilia fungu la pili, mwulize kama nyanya zake zinalingana kwa ukubwa na za fungu la kwanza, na kama zote nane zitatumika kabla hazijaoza. Muuzaji akiongeza moja kwa hisani, hesabu irudiwe: 1,200 kugawa kwa tisa. Mgawanyo huo unaacha baki, na kwa maoni yangu unafaa kuliko mifano mingi ya daftarini.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza, inatosha kupanga sarafu za 100, 200 na 500 ili zitimie 1,000 kwa njia mbalimbali. Mkubwa wake ahesabu chenji kwa kupanda: aliyetoa 5,000 kwa bidhaa ya 3,800 aongeze 200 kufika 4,000, kisha 1,000, na asiondoke mbele ya muuzaji kabla ya kuhakiki.

Mkirudi nyumbani, aandike bei aliyolipa pembeni mwa ile aliyokisia, na tofauti hizo zitumike kurekebisha orodha ya wiki inayofuata.