SOMO: Bili ya mteja aliyejiunga katikati ya mwezi

Wakuu, swali hili limerudi tena: mteja akijiunga katikati ya mwezi, bili yake ya kwanza inahesabiwaje? Naliandika mara moja. Atakayeuliza upya nitamtumia uzi huu.

Mfano: intaneti ya nyumbani, 60,000 kwa mwezi, bili hutoka tarehe 1. Mteja kaunganishwa tarehe 18 Juni.

1. Soma mkataba. Ukisema mwezi haukatwi, yaani analipa mzima, hesabu hakuna.

2. Weka kando malipo ya mara moja: ufundi, waya, amana ya ruta. Hayagawanywi.

3. Hesabu siku. 30 toa 18 ni 12, lakini tarehe 18 naye kaitumia, kwa hiyo jumlisha 1: siku 13.

4. Gawa kwa siku za mwezi HUO. Hapa ndipo ankara hurudishwa na mteja kupiga simu kwa hasira. Juni ina siku 30, kwa hiyo siku moja ni 2,000, na 13 ni 26,000. Safi. Sasa chukua 2,000 hiyo hiyo uipeleke Julai: aliyeunganishwa tarehe 2 analipa 60,000, yaani mwezi mzima na siku moja hakuwepo. Wa tarehe 1 atadaiwa 62,000, zaidi ya bei uliyoitangaza mwenyewe! Februari ya siku 28 unakula hasara: wa tarehe 1 analipa 56,000 tu. Kama mkataba wenu umeandika siku 30 kwa kila mwezi, fuateni, ila wekeni kikomo bili isipite bei ya mwezi.

5. Desimali ziondoe mwishoni tu, baada ya kuzidisha.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo Julai nagawa kwa ngapi?
Hatua ya 4.

— Nimesoma haraka, samahani. Ila bosi anasema 30 ni rahisi.
Rahisi kwake, simu za wateja unapokea wewe. 31.

— Mteja kahama kifurushi cha 60,000 kwenda cha 90,000 tarehe 21 Juni, na mwezi alishalipa. Nimdai 30,000 yote?
Swali zuri. Kuanzia tarehe 21 hadi 30 ni siku 10. Cha zamani mrudishie 20,000, kipya mdai 30,000, anaongeza 10,000. Tarehe 21 ihesabu upande wa kifurushi kipya pekee. Na kwenye ankara onyesha mistari yote miwili. Ukiandika "10,000" peke yake, atauliza imetoka wapi.

— VAT je?
Kama 60,000 ina VAT ndani, kata siku kwanza, kisha itoe humo humo. Kwa asilimia 18: 26,000 gawa kwa 1.18 ni 22,033.90, kodi 3,966.10. Usiiongeze tena juu ya 26,000.

— Excel inaweza?
Tarehe ikiwa A2, siku za kulipia ni =EOMONTH(A2,0)-A2+1. Siku za mwezi ni =DAY(EOMONTH(A2,0)). Ikikuletea tarehe badala ya namba, badili umbizo la seli.

— Sisi kila mteja analipa tarehe aliyojiunga, hatugawi kitu.
Inafaa sana, hasa kwa malipo ya kabla. Ila wa tarehe 31 Januari, Februari unamdai lini?

— Tarehe 28.
Sawa. Hakikisha Machi programu inamrudisha 31. Nyingine humwacha kwenye 28 moja kwa moja.