Jinsi ya kulinda eneo la ajali kwenye barabara ya mwendo kasi

Ukifika kwenye ajali, kabla hujamgusa majeruhi, gari la doria lina kazi yake. Lisimamishe upande magari yanakotokea, mita 30 hivi kutoka kwenye ajali, kwa mshazari, kisha kata usukani magurudumu ya mbele yaelekee mbali na waokoaji. Lori likiligonga, uelekeo wa magurudumu una nafasi ya kulitoa pembeni. Yakiachwa yanaitazama ajali, gari litasukumwa moja kwa moja hadi kwa watu. Jambo hili husahaulika kwa sababu mtu akisikia kilio hukimbia. Fulana ya kuakisi mwanga ivaliwe ungali ndani, na ushukie mlango ulio mbali na magari yanayopita.

Umbali wa ishara hauwekwi kwa kukisia. Gari la kilomita 110 kwa saa hukata takribani mita 30 kila sekunde. Mpe dereva sekunde 2 za kuona na kukanyaga breki: mita 60 zimekwisha. Lami ikiwa kavu, gari dogo linahitaji mita 75 nyingine kusimama; ikilowa, karibu mara mbili yake. Kwa hiyo ishara ya kwanza isikae chini ya mita 200, na mvua ikinyesha isogeze hadi 300. Pembetatu iliyowekwa hatua chache nyuma ya gari haimlindi mtu. Ajali ikiwa baada ya kona au kilele cha mlima, ishara ikae kabla ya kona yenyewe, dereva aione mapema.

Koni huanzia mbali na kuja kuelekea ajali. Kufunga njia moja yenye upana wa mita 3.5, koni 10 zinatosha: moja kila mita 10, kila inayofuata ikiingia ndani kwa sentimita 40. Zikikaribiana mno, dereva hulazimika kukata kona ghafla. Wewe ukiinama kuweka koni, mwenzako atazame magari, kipenga mdomoni. Mafuta yakiwa yamemwagika, fataki za moto za kuonya zisiwashwe kabisa.

Usiku, zima taa kubwa zinazowatazama wanaokuja. Zinawapofusha, nao hawamwoni askari aliyesimama kando ya gari.

Baada ya hapo hatari huhamia mkiani mwa foleni, na hapa ndipo doria nyingi hulegea. Gari la pili la doria likae nyuma ya gari la mwisho, taa zikimulika, na lirudi nyuma kupitia ukingo wa barabara kadiri foleni inavyorefuka.

Kabla magari hayajavutwa, piga picha na utie chaki mahali kila gurudumu liliposimama. Wakati wa kufungua, koni hutolewa kinyume cha zilivyowekwa, kuanzia iliyo karibu na ajali; ishara ya mbali ibaki hadi koni ya mwisho iwe imeingia garini.